Sura ya Tano: Taka Yenye Bei, Taka Isiyo na Bei

Anayetaka kuijua hali halisi ya plastiki Dar es Salaam asianzie kwenye semina ya mazingira. Aende jioni, saa kumi au kumi na moja, kwenye yadi mojawapo inayonunua chupa tupu, akae karibu na mizani, aangalie. Wanaofika ni akina mama wenye viroba kichwani, vijana wa mikokoteni na maguta, na wazee waliozunguka mitaa tangu alfajiri. Kila kiroba kinamwagwa chini kwanza, kwa sababu mnunuzi hapimi asichokiona. Chupa nyeupe za maji zinatengwa huku, za bluu kule. Za kijani na za kahawia zinakaa peke yake, maana wanaozitaka ni wachache. Chupa iliyobaki na maji inafunguliwa na kumwagwa, kwani mnunuzi hataki kulipia uzito wa maji. Vizibo vinatiwa kwenye ndoo. Navyo vina bei yake. Madumu yaliyopasuka na makopo ya sabuni yanaingia kwenye fungu la plastiki ngumu.

Mwisho, chini kabisa, linabaki rundo ambalo hakuna anayeligusa: vifuko vya karanga na ubuyu, paketi za biskuti, vifuko vya maji, mirija, vipakiti vya sabuni ya unga na vya maziwa ya unga. Rundo hilo halipandi kwenye mizani. Likifagiwa, linaishia kwenye mtaro ulio jirani au linatiwa kiberiti pale pale.

Hoja ya sura hii inatoka kwenye rundo hilo. Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba mji ni mchafu kwa sababu wananchi hawana ustaarabu, na kwamba dawa yake ni elimu kwa umma, mabango na faini. Mizani inaonyesha jambo jingine. Plastiki yenye bei haikai mtaroni. Hata ikitupwa na mtu mkaidi kuliko wote, kuna atakayeiokota kabla jua halijazama. Plastiki isiyo na bei itafika mtaroni hata ikitupwa na mtu mstaarabu, kwa sababu kutoka pipa la nyumbani kwake mpaka mwisho wa safari hakuna mtu yeyote anayeisubiri. Kwa hiyo swali la usafi wa mji ni swali la bei, na tukiuliza bei tunauliza nani analipa.

Safari ya chupa moja

Tuanze na plastiki yenye bahati. Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa kati ya gramu 10 na 20. Kilo moja, basi, inataka chupa 50 hadi 100. Mwokotaji anayefikisha kilo 10 kwa siku ameokota chupa zisizopungua mia tano, na kila kilo inamlipa shilingi mia chache tu. Kutoka yadi ndogo chupa zinakwenda kwa mnunuzi mkubwa, zinashindiliwa kuwa marobota au zinasagwa kuwa chenga.

Ndani ya chenga hizo mna vitu zaidi ya kimoja. Chupa yenyewe ni plastiki iitwayo PET. Kizibo ni plastiki ya aina nyingine, na lebo mara nyingi ni ya aina nyingine tena, pamoja na gundi yake. Kiwandani chenga zinamwagwa kwenye birika kubwa la maji. PET ni nzito kuliko maji, hivyo inazama. Vipande vya vizibo ni vyepesi, vinaelea na kuenguliwa. Baadaye chenga zinaoshwa kwa maji ya moto na dawa kali ili gundi na mafuta vitoke, kisha zinakaushwa sawasawa, maana PET ikiyeyushwa ikiwa na unyevu inapoteza uimara wake. Joto la kuiyeyusha linakaribia nyuzi 250. Kama ndani ya chenga kimejificha kipande cha PVC, ile plastiki ya mabomba, kitaungua kabla ya kufika joto hilo, kitoe asidi na kuharibu kilichokizunguka. Ndiyo maana mnunuzi anamwaga kiroba chini na kukichambua kwa jicho kali. Uchafu wa mtaani unageuka hasara kiwandani.

Hata baada ya kazi yote hiyo, chupa nyingi hazirudi kuwa chupa. Sehemu kubwa ya PET inayokusanywa duniani inageuzwa kuwa nyuzi za poliesta, za kushona nguo, kujaza mito na kufuma mazulia. Nguo hiyo ikichakaa, safari imekwisha: si rahisi kuirejeleza tena.

Bei yenyewe haipangwi Vingunguti wala Manzese. Plastiki mpya inatengenezwa kwa mafuta na gesi, kwa hiyo mafuta yakishuka bei, plastiki mpya inashuka pia, na kiwanda hakioni sababu ya kununua iliyorejelezwa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2020, korona ilipoangusha bei ya mafuta duniani. Miaka miwili kabla yake, Januari 2018, China ilifunga mlango kwa taka nyingi za plastiki zilizokuwa zikipelekwa huko kutoka nchi tajiri, na soko la dunia zima likayumba. Mama mwenye kiroba hajapata kusikia habari za soko la mafuta ghafi, lakini ndilo linaloamua kama jioni atanunua nusu kilo ya unga au kilo nzima.

Pembetatu inayopotosha

Geuza kopo lolote la plastiki, uangalie chini yake. Utaona pembetatu ya mishale yenye namba ndani, kuanzia 1 hadi 7. Alama hizo zilianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki. Namba inaeleza aina ya plastiki tu: 1 ni PET, 2 ni plastiki ngumu ya madumu, 3 ni PVC, 4 ni plastiki laini ya mifuko, 5 ni ile ya vizibo na vyombo vya chakula, 6 ni ya vikombe vyepesi, na 7 ni jina la kila kilichobaki. Haisemi kwamba kitu hicho kitarejelezwa. Lakini mlaji akiona mishale inayozunguka anaamini kwamba kuna mahali inapelekwa kupata maisha mapya, na anaitupa kwa moyo mweupe.

Ukweli uliwekwa wazi mwaka 2017, watafiti Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law walipochapisha hesabu ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa. Hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imetengeneza tani bilioni 8.3. Kati ya hizo, tani bilioni 6.3 zilikwishakuwa taka. Zilizorejelezwa zilikuwa kama asilimia 9, zilizochomwa asilimia 12, na asilimia 79 zilikuwa madampo au zimezagaa ardhini na majini. Asilimia 9 hiyo ni wastani wa dunia, ikihesabu nchi zenye mapipa ya rangi nne, magari ya kisasa na viwanda vya mabilioni. Hatuwezi kusema tatizo ni la Mwafrika asiyejua kutumia pipa.

Pwani yetu wenyewe imetoa mfano mzuri wa kile plastiki inachoweza kuwa. Mwaka 2018 huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walizindua Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, tani zipatazo 10, na kupambwa kwa vipande vya kandambili vya kila rangi. Mapema 2019 jahazi hilo lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mafundi walichonga plastiki kama wanavyochonga mbao za mvule, kwa tezo na keekee, na bahari ikaikubali kazi yao. Kazi hiyo inastahili heshima yote. Lakini dunia inatengeneza zaidi ya tani milioni 400 za plastiki kila mwaka. Hakuna idadi ya majahazi, matofali wala mapambo itakayoimaliza, na viongozi wanaopiga picha mbele ya kazi za mikono kama hizo wasizitumie kukwepa uamuzi ulio mgumu zaidi.

Mtaro unavyolipa

Turudi kwenye rundo lisilopanda kwenye mizani. Kifuko cha biskuti hakikosi bei kwa bahati mbaya. Kimetengenezwa kwa tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja: plastiki ya kung'aa kwa nje ili chapa ipendeze, utando wa alumini katikati ili unyevu usiingie, plastiki laini ndani ili kizibike kwa joto. Kila tabaka lina kazi yake, na hakuna njia rahisi ya kuzitenganisha. Kiwanda kilikisanifu ili biskuti ifike dukani ikiwa kavu. Baada ya mlaji kukifungua, kiwanda hakikuwa na habari nacho tena.

Kifuko hicho kikitoka mkononi kinafuata maji. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na kumwaga Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Mitaro ya mitaa mingi inaelekea huko, na kila mtaro unabeba ulichopewa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 na kuwaacha maelfu bila makazi. Si plastiki peke yake iliyosababisha. Nyumba zimejengwa bondeni, mchanga umejaza mto, na mvua ilikuwa kubwa kuliko kawaida. Lakini anayeishi bondeni anajua kwamba kalvati lililozibwa na nailoni linageuza mvua ya saa moja kuwa maji ya magoti ndani ya nyumba.

Plastiki iliyobaki nchi kavu ina madhara yake. Kopo, kikombe au kifuko kinachotuama maji ya mvua ni makazi ya mbu aina ya Aedes, anayependa maji kidogo yaliyo karibu na nyumba na anayeng'ata mchana. Ndiye anayeeneza homa ya dengue, ambayo iliitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Inayochomwa nayo haijaondoka. Moshi wa plastiki iliyochanganyika na PVC una dioksini, sumu inayokaa mwilini kwa miaka. Jirani anayechoma taka zake jioni anafanya hivyo kwa sababu gari la taka halijapita wiki ya pili sasa. Ameondoa uchafu uani mwake na kuupeleka kwenye mapafu ya watoto wa mtaa mzima, wakiwemo wake.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Gharama ya kifuko hiki ipo na ni kubwa, ila haimo kwenye bei ya biskuti. Imegawiwa kimyakimya kwa mwenye nyumba bondeni, kwa mgonjwa wa dengue, kwa mvuvi anayevuta wavu uliojaa nailoni, na kwa halmashauri inayozibua mitaro kila mwaka kabla ya masika.

Marufuku: zilivyofaulu na zilipoishia

Ukanda wetu umethubutu kuliko sehemu nyingi za dunia. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Rwanda ilipitisha sheria yake 2008. Nchini Kenya, Wangari Maathai alipaza sauti dhidi ya mifuko hiyo miaka mingi kabla serikali haijachukua hatua, na hatimaye katazo lilianza tarehe 28 Agosti 2017, likiwa na adhabu inayofikia kifungo cha miaka minne. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019, baada ya tangazo la Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, bungeni.

Waliokuwepo wanakumbuka. Katika wiki chache mifuko ya rambo ilitoweka madukani. Watu walirudi sokoni na vikapu. Miti na nyaya za umeme zilizokuwa zimening'inia mifuko zikaanza kusafishika. Kabla ya hapo, Machi 2017, serikali ilikwishapiga marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyokuwa vimetapakaa kwenye vituo vya daladala, na navyo viliondoka mitaroni kwa kasi ile ile. Aliyekuwa akitupa kiroba cha pombe Februari hakupata semina ya uraia mwezi Machi. Kitu chenyewe kiliondolewa sokoni, basi.

Hilo ni funzo la kwanza: katazo linafanya kazi linapobana kiwanda na mwagizaji, si mpita njia. Funzo la pili ni gumu zaidi. Haikupita miaka miwili, vifungashio vyepesi vilivyoruhusiwa kwa ajili ya bidhaa maalumu vikageuka kuwa mifuko ya kubebea nyanya na mkaa, na serikali ikalazimika kutoa katazo jingine mwaka 2021. Nayo mifuko mbadala, ile laini yenye mwonekano wa kitambaa ambayo wengi tunadhani ni pamba, imetengenezwa kwa polipropilini. Ni plastiki. Ikiwa nzito na ikatumika mara mia, ni nafuu ya kweli. Ikiwa nyepesi ya kutumika mara moja, tumebadilisha sura tu.

Katazo linaloshika bidhaa moja moja litakuwa nyuma siku zote, kwa kuwa kiwanda kinaweza kubuni kifungashio kipya kwa mwezi mmoja, na kanuni inachukua mwaka au miaka kuandikwa.

Majirani wa dampo

Kuna kisa ambacho kila mkazi wa jiji hili angepaswa kukijua. Miaka ya themanini taka za Dar es Salaam zilikuwa zikimwagwa Tabata, katikati ya makazi. Moshi haukukoma mchana wala usiku, na nzi hawakuwa na idadi. Mwaka 1988 Joseph Kessy na wakazi wenzake waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Mahakama iliamuru umwagaji ukome. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda, likidai halina mahali pengine. Jaji Lugakingira alikataa. Alieleza kwamba kuhatarisha afya na maisha ya watu ni kwenda kinyume cha ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda haki ya kuishi. Ilikuwa kauli nzito kwa wakati wake, na bado inafundishwa katika masomo ya sheria ya mazingira.

Tabata ilipona. Taka zikahamia Vingunguti, kutoka Vingunguti zikaenda Mtoni, na kutoka Mtoni zikaenda Pugu Kinyamwezi, ziliko hadi leo. Kila mara mji ulipopanuka na kulifikia dampo, dampo lilisogezwa mbele ya watu wengine wenye sauti ndogo zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Mji wa ukubwa huo hauna tena ukingo wa kusogezea taka. Na kadiri dampo linavyokuwa mbali, ndivyo lori linavyotumia mafuta mengi kwenye foleni, ndivyo linavyofanya safari chache, na ndivyo mitaa ya ndani isiyo na barabara pana inavyosahaulika. Mtaa uliosahauliwa na lori ndio unaochoma na kutupa mtaroni.

Nairobi ina Dandora, dampo lililofunguliwa miaka ya sabini, likatangazwa kujaa zaidi ya miongo miwili iliyopita, na bado linapokea taka. Hakuna mji wetu ulioshinda taka kwa kuzitafutia shimo kubwa zaidi.

Wenye viroba

Karibu plastiki yote inayorejelezwa katika miji yetu imepita kwanza mikononi mwa watu wasio na ajira rasmi. Hawana glavu, hawana bima, na katika mitaa mingi wanaitwa majina ya dharau na kushukiwa wizi. Mji unawadai radhi, na unawadai zaidi ya radhi.

Cairo ilijifunza kwa gharama. Kwa vizazi kadhaa jamii ya Wazabalini ilikusanya taka nyumba kwa nyumba na kurejeleza sehemu kubwa mno ya ilichokusanya. Mwaka 2003 serikali iliwapa kazi wakandarasi wakubwa kutoka Ulaya. Wakandarasi waliweka makontena barabarani, wakatarajia watu washuke ghorofani na mifuko yao. Wakazi hawakushuka, taka zikalundikana, na baada ya miaka viongozi walianza kuwarudia wale wale waliowasukuma pembeni. Pune, nchini India, ilichagua njia nyingine. Wachambuaji taka wenyewe waliunda ushirika uitwao SWaCH, wakaingia mkataba na manispaa, na kila kaya inawalipa ada kidogo kwa kuchukua taka zilizotenganishwa mlangoni. Brazili iliitambua kazi hiyo katika orodha ya taifa ya kazi mwaka 2002, na sheria ya taka ya 2010 ikavipa vyama vyao nafasi.

Hapa nyumbani mbegu ipo. Katika kata ya Bonyokwa, kwa msaada wa asasi ya Nipe Fagio, wakusanyaji waliojiunga katika ushirika wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua taka zilizotenganishwa: mabaki ya chakula peke yake, vikavu peke yake. Jambo linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kila kitu. Zaidi ya nusu ya taka za miji ya Afrika ni maganda, makombo na majani. Chupa iliyolala siku tatu na maganda ya ndizi na vichwa vya dagaa imekwishapoteza nusu ya thamani yake kabla ya kufika kwenye mizani. Vikitenganishwa jikoni, makombo yanakuwa mboji, vikavu vinauzika, na kinachobaki cha kupakia kwenye lori la Pugu ni kidogo.

Nani alipe

Tumefika kwenye kiini. Kutenganisha na kuokota kutatusaidia kwa plastiki yenye bei. Kwa isiyo na bei, zipo njia mbili tu zenye maana: ipewe bei, au isitengenezwe.

Kuipa bei si jambo geni kwetu. Kila aliyekulia Tanzania anajua kwamba duka halikuachii uondoke na soda ya chupa ya kioo mpaka uache chupa nyingine au uache hela yake. Kreti lilirudi kiwandani, chupa zikaoshwa na kujazwa tena, na hakuna mtaro uliozibwa na chupa za soda. Viwanda vilipohamia kwenye chupa za plastiki, viliondoa ule wajibu wa kurudisha, na mzigo ukahamia mtaani. Ujerumani iliweka rehani kama hiyo kwa vinywaji vya chupa zisizojazwa tena mwaka 2003, leo senti 25 kwa chupa, na chupa nyingi mno zinarudi dukani. Rehani ya shilingi mia tu kwa kila chupa ya maji ingempandishia kipato mwokotaji mara nyingi kuliko mradi wowote wa hisani.

Kwa vifuko, anayepaswa kulipa ni anayevisanifu na kuviingiza sokoni. Kenya ilipitisha sheria ya usimamizi wa taka mwaka 2022 inayomwekea mzalishaji wajibu wa kushughulikia kifungashio chake baada ya matumizi. Afrika Kusini ilifanya ada za wazalishaji kwa ajili ya wajibu kama huo kuwa lazima mwaka 2021. Ada ikipangwa kwa ugumu wa kurejeleza, kifuko cha tabaka tatu kitalipiwa zaidi kuliko cha tabaka moja, na wahandisi wa kiwanda watapata sababu ya kukisanifu upya. Fedha hizo ziende kwa wakusanyaji kwa kilo, zikiwemo kilo za vitu ambavyo leo mizani inavikataa.

Wapo watakaosema kifuko kidogo ndicho kinachomwezesha maskini kununua sabuni ya siku moja. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima, kwa maana kununua kidogo kidogo ni hali halisi ya kaya nyingi. Lakini maskini alinunua kidogo kidogo kabla ya vifuko kuja. Mafuta ya kula yalipimwa kwa kibaba kwenye chupa ya mnunuzi mwenyewe, sukari na chumvi zilifungwa kwenye karatasi. Hadi leo maduka mengi ya uswahilini yanauza mafuta ya kupima. Mfumo huo unaweza kuboreshwa kwa mapipa safi na vipimo vilivyokaguliwa, na bei ikawa nafuu kuliko ya vifuko, kwa sababu mnunuzi hatalipia tena kifungashio.

Dunia nayo iko njia panda hiyo hiyo. Machi 2022, mjini Nairobi, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliamua kuandaliwe mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo yalipita Punta del Este, Paris, Nairobi, Ottawa, Busan, na Agosti 2025 Geneva, yakaisha bila makubaliano. Mojawapo ya mambo makubwa yaliyowagawa wajumbe ni kama mkataba upunguze plastiki inayotengenezwa, au ushughulikie taka zake tu. Nchi nyingi za Afrika zilisimama upande wa kupunguza, na zilikuwa sahihi.

Hatuna haja ya kungoja Geneva. Halmashauri inaweza kuandika mikataba na vikundi vya wakusanyaji na kuwalipa kwa kazi inayopimika. Bunge linaweza kutunga rehani ya chupa na ada ya kifungashio. Mwananchi anaweza kutenganisha makombo na vikavu leo jioni, na kwenye mkutano wa mtaa kuuliza ada ya taka inakwenda wapi na lori linapita mara ngapi. Lakini wajibu wa kwanza ni wa anayepata faida kwenye kifungashio. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kukibadilisha, na mpaka sasa ndiye pekee ambaye hajaletewa bili.

Katika sura inayofuata tutaingia kwenye ile nusu nyingine ya lori la taka, makombo na maganda, tuone namna ambavyo mji unaotupa chakula chake unaweza kukigeuza kuwa udongo.